Mbuzi wa Afisa wa Benki

Jumatatu, 4 Machi

Anita alinipa daftari hili Krismasi, akaniambia niwe naandika kila siku jambo moja la kushukuru. Binti yangu anaishi Nairobi, huko ndiko wanakofundishwa mambo kama hayo. Daftari limekaa kabatini tangu siku ile likisubiri nipate la kushukuru. Basi leo nashukuru kwamba kalamu inaandika.

Mvua imeanza. Barua ya benki nayo imefika, ya tatu, na hii haina adabu hata kidogo. Tusipolipa malimbikizo au tusipofikia mapatano nao, nyumba itapigwa mnada. Nyumba hii ya hapa Kamakwa, Nyeri, ambayo nimeilipia kwa mshahara wangu wa ukalimani kortini tangu Anita akiwa darasa la tano. Riba imepanda, ikapanda tena, na sasa malipo ya mwezi yanameza mshahara wangu wote na bado yanadai.

Nilimpa Mathenge asome. Mume wangu alivaa miwani, akaisoma mpaka chini, akaikunja vizuri kama kadi ya harusi, akasema, "Tutaona."

Tutaona! Tangu duka lake la vipuri lifungwe hilo ndilo neno alilobaki nalo. Tumeona riba, tumeona barua tatu, sasa bado tutaona dalali.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mathenge ameenda ofisini.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunikataza. Ofisi yenyewe ni benchi iliyo nje ya duka la mabati la rafiki yake Wahome. Hukaa pale na koti lake jeusi, anasoma gazeti la mtu mwingine, na saa kumi jioni anarudi akilalamika kwamba amechoka. Yote hayo ni kwa ajili ya mama yake. Nduta anaishi nasi, na kila asubuhi humshika mwanawe kichwa pale mlangoni na kumwombea biashara. Hajui kwamba hakuna biashara. Nimekatazwa kumwambia.

Mimi ni Mmeru. Nilipoolewa Nyeri niliambiwa wanaume wa huku ni wapole, wake zao ndio wakali. Hakuna aliyenieleza upole wenyewe ni wa namna hii.

Ijumaa, 8 Machi

Niliomba ruhusa nikaenda benki. Afisa wa mikopo anaitwa Griffins, kijana wa Kerugoya, viatu vimechongoka mbele, na ndevu tano ambazo anazipapasa akifikiri. Nimewatafsiria majaji na wauaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo nimeketi kwenye kiti kifupi nikiitwa madam na mtoto anayelamba kidole kabla ya kufungua faili.

"Madam, nimeangalia faili yako. Iko mbaya."

"Najua iko mbaya. Nimekuja kuomba mtupunguzie malipo ya mwezi, mtuongezee miaka. Sikatai kulipa."

"Hiyo inawezekana. Lakini si mimi naamua, kuna kamati Nairobi. Mimi natuma ripoti tu. Unaandika barua ya kuomba, mnaweka sahihi wote wawili, sababu nyumba iko na majina mbili. Halafu nakuja kwenu naona vile mnaishi. Kamati inataka kuona shida."

"Shida inaonekanaje?"

Akacheka. "Ile ya ukweli haijifichi, madam."

Nilitoka nikiwa nimekasirika hata nikasahau mwavuli wangu pale. Sirudi kuuchukua.

Jumanne, 12 Machi

Nimeandika barua mara moja na kugombana mara tatu.

Niliandika ukweli: mume wangu hana kazi, mimi ndiye ninayelisha watu watatu, tumeuza gari, tunaomba mpango mpya wa kulipa. Mathenge alifika kwenye "hana kazi" akaiweka barua chini kana kwamba imemchoma.

"Mama Anita, hii siwezi kutia sahihi."

"Kwa nini? Una kazi?"

"Si hivyo. Hii barua itasomwa na watu. Huyo kijana ni wa Kerugoya, kwani hatujui watu Kerugoya? Andika ati biashara imepungua."

"Imepungua mpaka ikawa benchi."

Akaenda kusimama dirishani kuangalia mvua, mikono nyuma, kama mbunge. Mtu mzima ana miaka hamsini na saba na anaogopa maneno mawili. Nimewaona wezi wa ng'ombe wakikiri mbele ya hakimu kwa ujasiri mkubwa kuliko huo. Mwishowe nikaandika "biashara ya mume imepungua kwa muda," akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, na mimi nikaweka yangu chini ya uongo huo, kwa sababu bila sahihi yake barua si kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nduta ameuliza kwa nini siku hizi kwetu hakuna nyama. Nimemwambia ni Kwaresima. Sisi ni Wapresbiteri.

Jumatatu, 18 Machi

Griffins amepiga simu. Atakuja Jumamosi saa sita. Nikamwambia karibu. Nikamwambia Mathenge, naye akasema, "Saa sita? Hiyo ni saa ya chakula." Sikupenda jinsi alivyosema.

Jumatano, 20 Machi

Nilijua. Nilijua kabisa!

Nimerudi kutoka kortini nikakuta sofa za ngozi sebuleni. Za Wahome. Televisheni kubwa kama mlango, ya Wahome pia. Mathenge alikuwa amepanda kwenye stuli anapaka rangi ukuta pale ilipoingia unyevu. Na nyuma ya jikoni, amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, alikuwa amesimama mbuzi dume, anatafuna aproni yangu.

"Baba Anita, huyu ni nini?"

"Ni ya mgeni."

"Mgeni anakuja kuona shida! Unataka kumwonyesha shida na mbuzi?"

"Sasa mtu anakuja kwangu kuzungumza juu ya nyumba yangu, nimpe strungi, chai bila maziwa? Atasema nini akirudi? Ati kwa Mathenge hakuna hata mbuzi? Mtu akikuheshimu ndio anakusaidia."

"Umenunua na nini?"

"Nimepewa. Nitalipa mwezi ujao."

Nikamgeukia Nduta, nikidhani mwanamke mwenzangu mwenye miaka themanini na kitu atakuwa na akili. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anamkagua mbuzi meno. "Mtu anayekuja kukata maneno ya boma haendi na njaa," akasema. "Achinjwe."

Mama na mwana, wote bure kabisa. Wangepewa siku ya kiama wangechinja.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika yote, nikizeeka nisije nikajidanganya.

Mvua ilikatika asubuhi kwa makusudi, ili watu waje. Nilitegemea Griffins peke yake. Kufika saa tano wazee wa kikundi cha kanisa cha Wahome walikuwa wamejaa uwanjani, wanapuliza moto, magari yao yamepangwa langoni mpaka kwa jirani. Mathenge amevaa koti. Mbuzi yuko kwenye waya. Wahome mwenyewe, tumbo mbele, anawaelekeza watu pa kuketi kana kwamba nyumba ni yake.

Griffins alishuka kwenye pikipiki na begi mgongoni, akasimama langoni akaangalia tena namba ya nyumba.

"Ndiyo hapa, kijana," Mathenge akapaza sauti. "Karibu nyumbani!"

Jamani. Alikalishwa kwenye sofa ya ngozi. Akaletewa mutura, ile soseji ya utumbo wa mbuzi, kwenye kibao, halafu mbavu, halafu supu. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kutojihusisha, nilipoona supu inataka kupelekwa kwa vikombe vya plastiki, nilikwenda kabatini nikatoa zile bakuli zangu za udongo za Krismasi. Siwezi kueleza. Sikuweza kuvumilia mtoto wa watu anywe kwangu kwa kikombe cha plastiki kilichopasuka. Nimeishi huku muda mrefu, nimeambukizwa.

Kisha Wahome akasimama kuhutubia. Hakuna aliyemwomba. "Huyu Mathenge unamwona hapa," akamwambia Griffins, "ni mtu ya kujiweza. Hii boma haijawahi kulala njaa. Benki ikifanya kazi na Mathenge, inafanya kazi na mwanaume." Wazee wakapiga makofi. Mathenge akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza, akifurahi hadi masikio.

Nilijaribu kumvuta Griffins kando. "Hizi viti si zetu," nikamwambia. "Wala hiyo televisheni." Akatabasamu huku mafuta yakimwangaza kidevuni. "Usijali, madam. Mko sawa kabisa." Akatoa simu akapiga picha: sebule, televisheni, wazee, magari, mbuzi aliyebaki mifupa. Alipoondoka Nduta alimfungia mguu mzima kwenye jani la mgomba, kama desturi, na akaufunga juu ya tangi la pikipiki.

"Umeona?" Mathenge akaniambia langoni. "Ameheshimiwa."

Nikaenda kuosha bakuli.

Jumapili, 24 Machi

Nyumba yote inanuka mbuzi.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mahubiri yalikuwa juu ya msamaha. Nilisinzia.

Jumanne, 9 Aprili

Ombi limekataliwa.

Barua ni fupi. Imesema afisa alitembelea makazi na "hakuona dalili yoyote ya dhiki." Imesema familia ina samani za thamani, inaungwa mkono na jamii yenye uwezo, na biashara ya mume "imepungua kwa muda tu." Kwa hiyo kamati haioni sababu ya kubadilisha mkopo, na hatua za kuuza zinaendelea.

Nilimsomea Mathenge kwa sauti, polepole, kama ninavyomsomea mshtakiwa hukumu. Nilipofika kwenye samani nikarudia. Alitaka kusema kitu. Nikamwambia, "Usiseme tutaona. Leo ukisema tutaona nitakutupia hii sufuria."

Nimeolewa na mtu aliyeombwa aonyeshe umaskini akakopa utajiri. Hakuna mahali pengine duniani wangefanya upumbavu huu. Mtu wa kwetu Meru angelia mbele ya benki, angelala chini akajigaragaza, angeleta watoto wa jirani wenye njaa aseme ni wake, na sasa hivi angekuwa na miaka kumi ya nyongeza. Lakini Mathenge wa Nyeri, ngoja kwanza achinje! Na yule Griffins naye, tumbo lake ndilo lililoandika ripoti. Macho yake hayakufanya kazi yoyote. Wote nawadharau, na najidharau mimi na bakuli zangu.

Wahome ametuma gari kuchukua sofa na televisheni. Nduta ameuliza viti vinaenda wapi. Mathenge amesema vinaenda kuoshwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua usiku na mchana. Sijaongea na Mathenge tangu Jumanne. Hajagundua, au amegundua na anafurahia.

Jumatano, 17 Aprili

Mtu wa dalali amekuja, amebandika karatasi langoni. Jirani amekuja kusoma akijifanya anatafuta kuku wake.

Mathenge aliing'oa kabla mama yake hajatoka nje kuota jua ambalo halipo.

Jumamosi, 20 Aprili

Wahome amekuja. Nilidhani amekuja kutupa pole.

Mathenge alikuwa ndani ananyoa ndevu. Mimi nilikuwa jikoni, na dirisha la jikoni liko wazi, na Wahome hakuniona. Alikuwa na mwavuli mkubwa na fundi mmoja, anatembea kutoka lango hadi kwenye ukuta kwa hatua ndefu. Akagonga tangi la maji kwa kidole. Akaangalia paa. Kisha akamwambia fundi, "Paa ni nzuri. Mabati hii niliwauzia mimi. Mnada ikifika hapa hakuna mtu atashindana na mimi, watu ya kanisa wanaona haya."

Niligeuka nikamkuta Mathenge amesimama nyuma yangu mlangoni, povu la sabuni nusu ya uso. Alikuwa amesikia.

Nilingoja atoke. Nilitaka kwa roho yangu yote atoke na hiyo sabuni yake amfukuze mtu huyo kwa fimbo. Hakutoka. Alisimama mpaka Wahome akagonga mlango wa mbele, akaenda kufungua, akampa mkono, akamwambia karibu chai. Wahome akanywa chai yetu, akauliza tunaendeleaje, akasema tumwachie Mungu.

Nilipotoa kikombe chake nilikitupa kwenye pipa.

Jumatatu, 22 Aprili

Jambo geni. Asubuhi Mathenge hakuvaa koti lake jeusi. Alivaa gambuti na lile koti la mvua la shamba, Nduta akamwombea, akatoka. Nilimwona akipita benchi ya Wahome bila kukaa; nilikuwa kwenye basi la wafanyakazi, linapita hapo.

Amerudi saa kumi na mbili jioni, maji yanamtiririka. Akaweka mwavuli wangu mezani, ule niliousahau benki.

"Anakuja Alhamisi," akasema.

"Nani?"

"Griffins. Alikataa. Nikakaa. Nikamwambia mbele ya watu wote kwa laini, sina kazi, zile viti zilikuwa za watu, kuja uone tena. Akasema nisipige kelele. Nikapiga."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana tangu barua ije. Nilimpashia uji moto. Nikaweka na sukari, na sukari ilikuwa imebaki kidogo.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimechukua likizo, na nimefanya kazi kuliko siku zote.

Sebuleni kulikuwa na viti viwili vya plastiki, benchi ya jikoni, na kigoda cha Nduta. Ukuta ule uliopakwa rangi umevuja tena. Griffins alifika na begi lake akasimama mlangoni akiangalia pale sofa ilipokuwa.

"Shikamoo shosho," akamwambia Nduta. "Leo sikai sana. Na sili kitu, tafadhali."

"Hakuna mtu amekuitia chakula," nikamwambia. "Keti."

Mathenge hakuketi. Alisimama mbele ya mama yake, gambuti miguuni, akaongea Kikuyu, na mimi naandika hapa kwa Kiswahili neno kwa neno maana hiyo ndiyo kazi yangu.

"Mama, duka lilifungwa. Huu ni mwaka wa pili. Kila asubuhi ukinipa baraka, naenda kukaa kwenye benchi ya Wahome mpaka jioni. Vile viti havikwenda kuoshwa, vilikuwa vya Wahome. Mbuzi ni wa deni na sijalilipa. Mke wangu ndiye anayetulisha. Na sasa nyumba inauzwa."

Nimesikia watu wengi wakikiri. Huwa wanaangalia sakafu, au wanamwangalia wakili. Mathenge alimwangalia mama yake usoni mpaka mwisho, na mimi niliyemdharau miaka yote hii nikashindwa kujua nifanye nini na mikono yangu.

Nduta akatazama gambuti za mwanawe. Mvua ikawa inapiga paa.

"Na sala zangu?"

"Nilikuwa nazisikia, Mama."

"Kwa hiyo nimekuwa naombea benchi."

"Ndiyo, Mama."

"Ya Wahome."

"Ndiyo, Mama."

Akavuta shuka lake. Kisha akamgeukia Griffins, na nikaona kijana anakaa wima.

"Na wewe. Ulikula mbuzi."

"Nilikula, shosho."

"Na mguu ukabeba."

"Nilibeba."

"Baba yangu alikuwa mzee wa kiama, lile baraza la wazee la kukata kesi. Mtu akiwa na kesi alileta mbuzi, wazee wakakaa, wakala. Na aliyeonja ile nyama hakuinuka mpaka kesi isikilizwe yote, hata ikiwa siku mbili, hata mvua ikinyesha hivi. Sijawahi kuona mzee anakula mbuzi, anapangusa mdomo, anasema hakuona mwenye kesi. Mimi niliposema achinjwe nilijua iko kesi. Sikuambiwa ni gani, lakini mwanangu hachinji mbuzi bure. Sasa niambie, wewe ulikula ya nani?"

"Shosho, aki mimi nilidhani ni sherehe."

"Sherehe! Ni nani huita benki kwa sherehe?"

Mathenge akakohoa. Mimi niligeukia ukuta, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikutaka Griffins anione nikifanya lolote kati ya hayo.

Nilidhani bibi huyu alitaka mbuzi kwa sababu ya maringo ya mwanawe. Nilimwita bure kabisa humu humu ndani ya daftari. Kumbe katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyejua tunafanya nini. Nimekiri hapa mara moja, na sitakiri tena.

Griffins alitoa kitambaa akajifuta. "Ripoti ingine naweza kuandika, shosho. Lakini kamati itaniuliza, mbona ya kwanza ilisema mko sawa?"

"Waambie ulikuwa umeshiba."

Basi akasikiliza. Nilimwonyesha ghala: unga nusu mfuko. Nikamwonyesha hati ya kuuzia gari. Akapiga picha viti vya plastiki, akapiga ukuta, akamwomba Mathenge ruhusa kwanza, jambo ambalo mara ile hakulifanya. Alipofika nyuma akauliza, "Hii nyumba ndogo inakaa nani?"

"Kuku."

"Mkihamia hapa, hii kubwa mkapangisha, kamati itaona kuna kitu inaingia kila mwezi. Bila hiyo, madam, wacha nikuambie ukweli, hata nikiandika nikilia hawatakubali."

Nilitaka kumtukana. Chumba kimoja na nusu, na choo cha nje! Lakini nilifanya hesabu kichwani na hesabu ikakubali, na kwa hilo nilimchukia zaidi.

Nduta alimpa strungi isiyo na sukari. Akainywa yote, akageuza kikombe chini kuonyesha.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Mathenge anafagia mavi ya kuku. Hakuna aliyemtuma.

Jumapili, 5 Mei

Kanisani Wahome alikuja kutusalimu. Nduta akamwambia mbele ya mchungaji, "Asante kwa benchi." Hakurudi kukaa karibu nasi.

Jumanne, 14 Mei

Wamekubali. Malipo yamepunguzwa, miaka imeongezwa kumi, na kodi ya nyumba kubwa ipitie kwa ajenti moja kwa moja hadi benki, maana hawatuamini, na kwa kweli mimi pia nisingetuamini. Nitamaliza kulipa nikiwa shosho mwenyewe.

Griffins alitusogezea karatasi. Kwenye mstari wa kazi ya mume kulikuwa wazi. Mathenge alichukua kalamu akaandika mwenyewe "hakuna," kwa herufi kubwa, akatia ile sahihi yenye mkia. Griffins akapapasa ndevu zake, zimekuwa sita. Akanitazama, akasema, "Pole, madam." Ningependa kusema sikumwona ni mtu, lakini nilimwona.

Jumamosi, 25 Mei

Tumehama. Kutoka mlango wa mbele hadi ile nyumba ndogo ya nyuma. Kitanda kimekataa kuingia, tumekikata miguu. Nilidhani Nduta ndiye atakayelia. Alitangulia na kigoda chake, akakiweka kwenye kona, akatazama kuta zote nne, hakuchukua muda. "Wakati wa dharura ya wakoloni tulifungiwa kijijini, watu kumi kwenye kibanda, na mlinzi mwenye bunduki," akasema. "Hii ni hoteli."

Aliyelia ni mimi, chooni, ambako hakuna paa upande mmoja. Nimelia kwa ajili ya sebule yangu.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imekwisha. Kumekuwa na baridi na ukungu.

Wapangaji wameingia leo. Mwai na mkewe Jeniffer, vijana, mume anafanya kazi serikali ya kaunti, mke benki nyingine kabisa, Mungu ana mzaha. Hawajatuona, mambo yote yamepitia kwa ajenti. Siku nzima tumesikia samani zao zikiburutwa juu ya sakafu yangu bila kuinuliwa. Sofa ni za ngozi.

Mchana Mathenge alianza kuzunguka chumba, hatua mbili huku, hatua mbili kule. Nikaona amevaa koti.

"Mama Anita, watu wameingia kwetu tangu asubuhi, hatujawapa hata chai. Si vizuri. Yule mtu wa mbuzi nimemaliza kumlipa juzi, na ako na kadume kadogo..."

"Baba Anita," nikamwambia, "wageni ni sisi."

Akasimama. Akatazama mlango, halafu akavua koti, akalitundika kwenye msumari.

Jioni mlango uligongwa. Alikuwa Jeniffer, amevaa ndala, ameshika sahani iliyofunikwa. Akachungulia ndani, akamwona Nduta kwenye kigoda, akaniona mimi na mwiko, akamwona Mathenge.

"Hamjambo? Sisi ndio tumeingia hapo mbele. Leo tumekuwa na watu kidogo wa kutukaribisha, nikasema nisiwasahau." Akatusogezea sahani. "Ni nyinyi mnachunga hii nyumba?"

Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, ya lugha nne, na yote yalikuwa makali. Lakini Mathenge alikuwa ameshatangulia mlangoni. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama mtu anavyofanya akipewa kitu na mwenye boma.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni sisi tunaichunga."

Akafunga mlango polepole, akaweka sahani mezani, akaifunua. Ilikuwa nyama ya mbuzi, na haikuwa imeiva.

Tumeila yote.